Popi Aende na Wewe

Mwanangu Haika,

Barua tulizozoea kuandikiana zamani zilianza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Uko chumbani juu, umetandaza nguo kitanda kizima, na mama yako ameshapanda mara mbili kukuambia soksi hazitoshi. Yangu nawe unaijua, goti linauma na chai imepoa. Kwa hiyo tuvuke hapo.

Niko hapa nje, mbele ya nyumba, ndani ya kempa yako, hili gari lako la kulala. Nimekaa kwenye kile kiti cha mbele kinachozunguka, karatasi ziko juu ya goti zima, Popi amelala miguuni pangu. Mwanga wa jioni bado upo. Watu wa mtaa wetu wanarudi kutoka kazini na mifuko yao, wanapita hapo pembeni, na sisi wawili tunawatazama.

Usiogope, sikuandikii habari za gesi. Wala matairi, wala tangi la maji machafu, wala kile choo cha kubeba, ambacho tulishakubaliana kwamba anayekitumia ndiye anayekimwaga. Hayo yote ameyashika mama yako, na akimaliza yeye hakuna kitakachobaki. Mimi nina jambo moja tu, la huyu mbwa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nikiandika Kiingereza najikuta natoa ripoti ya ajali ya basi. Soma polepole. Ukikwama soma kwa sauti, masikio yako yanakijua Kiswahili kuliko macho yako.

Jana mezani ulisema Popi atabaki. Ulisema haraka haraka, kwa Kiingereza, huku unaitazama sahani. Kazi ya kusimamia kambi ya wageni wa mahema na magari ni ya miezi sita, yule mama mwenye kambi kule Wales amekubali uje na mbwa kwa majaribio ya wiki mbili, wageni wakilalamika mbwa anaondoka. Na mbwa akiondoka ndiyo na wewe umeondoka, maana mnaishi gari moja. Kwa hiyo bora abaki na baba. Mama yako akasema ni busara. Mimi nikaomba chumvi.

Nimekaa na jambo hilo tangu jana, na jibu langu ni hapana. Popi aende na wewe. Ngoja nikueleze, maana si jibu ninalolipenda hata mimi mwenyewe.

Nianze na lile ambalo nyumba nzima inalijua: aliyemfundisha Popi kubweka ni mimi. Ulipomleta alikuwa anaenea kwenye boksi la viatu, na alikuwa kimya. Kimya kabisa! Mtu wa posta anasukuma barua mlangoni, Popi anamtazama na kutikisa mkia. Wewe na mama yako mkafurahi, eti tumepata mbwa mstaarabu. Mimi nikasema moyoni, jamani, tumenunua mto wa kochi.

Kwetu Kibosho mbwa alikuwa mfanyakazi. Mchana alifungiwa bandani, jioni akafunguliwa, na kazi yake ilikuwa hiyo moja. Babu yako alikaa ndani na chai yake, mbwa akibweka anasikiliza kidogo, halafu anasema, "Huyo ni mtu wa hapa hapa," au anainuka kutafuta panga. Mbwa wetu wote waliitwa Popi, ndiyo maana na wako nikamng'ang'ania jina hilo ulipotaka kumpa la mwanamuziki sijui nani. Tuliwahi kupata Popi mmoja asiyebweka. Alikuwa mzuri, manyoya kama kondoo. Babu yako akampa fundi seremala bure, na fundi akamrudisha.

Nimeishi London miaka yote hii, nimeendesha basi mpaka nimestaafu, sheria zao nazijua hadi za kupanga foleni, lakini kichwani mwangu mbwa alibaki yule wa Kibosho. Basi mkishaondoka, wewe kazini na mama yako zamu, mimi nikafungua shule. Mtu akipita nje, nabweka mimi. Ndiyo, mimi, mzee mzima, nimepiga magoti nyuma ya mlango! Popi akanitazama siku kadhaa akidhani naumwa. Siku alipotoa sauti yake ya kwanza nilimpa firigisi nzima na kumpigia makofi. "Safi, kijana! Safi sana!" Mama yako akawa anashangaa, kila Jumamosi ananunua firigisi pale sokoni na kila Jumatatu hazipo. Alidhani ni wewe unazila.

Akashika haraka, hilo lazima nimpe. Alianza na mtu wa posta, wakaja wanaoleta pizza, wakaja mbweha wa kwenye mapipa ya taka, mwisho akawa anabwekea hata kengele za kwenye televisheni. Na kila akibweka, mimi na makofi yangu. Nilivimba kichwa. Nilikuwa nawaambia wenzangu wa zamani wa gereji, nyumba yangu haihitaji kamera.

Halafu ikaja Pasaka. Najua hupendi niitaje, lakini siku zile wewe ulikuwa umekasirika na mimi nilikuwa sielewi kitu, na hatujawahi kukaa tukaiongea.

Kempa ulikuwa umeinunua kwa jasho lako. Umeiwekea mapazia, umeishonea mito, ukatukaribisha wazazi wako kwenye ile kambi ya Norfolk ili tuone kwa macho yetu kwamba si wazimu, mtu anaweza kuishi humo. Ukatupa sisi kitanda, mwenyewe ukalala kwenye hema pembeni. Nilikuwa najisikia fahari, Haika, wala sikukuambia. Nilikuambia tu kwamba breki zinalia.

Asubuhi ya kwanza nikatoka kusalimia. Kwetu huwezi kuhamia mahali ukalala bila majirani kujua wewe ni nani. Nikachukua sahani ya maandazi ya mama yako nikakatiza katikati ya viwanja vya watu moja kwa moja, hodi hodi. Bwana wa kwanza nilimkuta na kaptula ya kulalia, mswaki mdomoni. Nikampa mkono. Maskini akahamisha mswaki, akanipa mkono, povu linamtiririka kidevuni. Mbwa wake chini ya meza akawaka, mbwa wa jirani akamjibu, Popi wetu akaona kumbe kazi imeanza. Kambi nzima ikaamka. Mimi nikaona ni uchangamfu huo.

Sasa najua. Kile kipande cha nyasi hakina ukuta wala kamba, lakini ni sebule ya mtu, na asubuhi ni chumba chake cha kulala. Kwetu ukimpita mtu karibu bila kumsalimia umemdharau. Kule ukimpita karibu umemwingilia. Kwa hiyo zunguka na njia, hata kama bomba la maji ni pua na mdomo. Salamu itoe kutoka njiani, mkono juu, uendelee na safari zako. Wewe ndiye utakayekuwa unawaelekeza wageni mambo haya, na siku moja utamwona mzee mmoja mweusi na sahani yake anakatiza nyasi za watu anachekacheka. Nakuomba, chukua andazi kwanza, halafu ndiyo umwambie.

Popi nilimfunga mimi mlangoni pa kempa kwa kamba ndefu, upande wa njia, ili amwone kila anayepita. Nilidhani ndiyo namheshimu. Basi akamwona kila anayepita, na kila anayepita akapata lake.

Mchana akaja mzee mmoja wa gari la pili kutoka letu, mwenye kofia ya sufu. Akaniuliza taratibu kabisa kama mbwa wangu yuko sawa. Nikamwambia yuko sawa sana, ahsante kwa kuuliza. Akasema, huyu ana sauti. Nikamshukuru tena. Nikaongeza, na hapo hujamsikia akiwa amekasirika! Akatabasamu, akainamisha kichwa, akaondoka. Nikamwambia mama yako, unaona, hawa watu wa mikoani wanajua mbwa.

Loo! Miaka yote hiyo na Waingereza na bado sikujua kwamba mtu akiuliza namna ile amekuja kuomba. Anakuja kwako mara moja. Ya pili haji kwako, anaenda kwa msimamizi. Msimamizi sasa ni wewe. Akikujia mtu na swali la upole la aina ile, anauliza tu eti ile jenereta huwa inazimwa saa ngapi, mpokee kana kwamba amekuja analia, maana huenda usiku hakulala.

Kesho yake tukamfungia Popi ndani ya kempa tukaenda ufukweni kula samaki na chipsi. Wewe ulisita. Ulisema labda mmoja wetu abaki. Mimi nikasema mwache, ataangalia mali. Tukakaa huko mchana kutwa, mama yako hadi akapata usingizi kwenye kiti.

Tuliporudi tulimsikia kuanzia getini. Sauti ilikuwa imekauka, inakwaruza kama ya mhubiri aliyekesha. Msimamizi alikuwa amesimama mbele ya kempa na buti zake za mpira, na yule mzee wa kofia yuko mlangoni kwake. Kumbe mkewe alikuwa ametoka hospitali, walikuja pale apate kupumzika. Mzee hakutupigia kelele. Heri angepiga. Alisema tu kwamba mke wake hajapata usingizi tangu asubuhi, na kwamba hata mbwa mwenyewe alimtia huruma, maana hakuwa anajua kama tutarudi. Msimamizi akatuomba tuondoke jioni ile ile.

Ulikunja hema mwenyewe. Ukakataa nikusaidie. Na mimi, badala ya kwenda kwa yule mzee kumwomba radhi, nikakaa ndani ya kempa najifanya natafuta miwani. Mama yako ndiye aliyekwenda. Alikaa huko kitambo, akarudi macho mekundu, hakuniambia walichozungumza na sijamuuliza.

Tulipokwisha kuingia barabara kuu ndipo ulipozungumza, macho mbele, mikono kwenye usukani. Ulisema anabweka kwa sababu mimi nampigia makofi. Mama yako aliwasha redio, kisha akaizima.

Nilikasirika. Nilikaa na hasira zangu kama wiki, nikiona binti yangu kaniona mjinga. Halafu siku moja, wote mmeondoka, nikachukua ufunguo wa kempa, nikamchukua na Popi, tukakaa humu kama tulivyokaa sasa. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kuona anachokiona yeye.

Akapita mama na gari la mtoto. Popi akabweka mara mbili, akageuka, akanitazama mimi. Akapita kijana na baiskeli. Akabweka, akageuka, akanitazama. Hakuangalia hata kijana kaelekea wapi! Akapita bibi na kikapu cha magurudumu, yale yale. Nikaduwaa. Kumbe wala hana shida na watu. Alikuwa ananiletea habari, halafu anangoja nimwambie kwamba imefika. Na mimi miaka yote hiyo nikimpigia makofi, yeye alielewa kwamba bado, leta nyingine. Ile siku ya ufukweni alileta habari kutwa nzima na hapakuwa na mtu wa kuzipokea.

Nililia, sikufichi. Humu humu, watu wanaenda sokoni, na mimi nimemkumbatia mbwa ambaye nilikataa asinunuliwe.

Tukaanza shule upya. Ndiyo maana ukawa unakuta nywele za mbwa kwenye kiti chako na mimi nasema sijui. Akitoa sauti, simfokei. Nilishawahi, na ukimfokea mbwa anadhani na wewe umejiunga. Nainuka, natazama kule anakotazama, namwambia kwa sauti ya kawaida, "Nimemwona, ahsante," narudi kukaa. Firigisi inakuja akishanyamaza, tena si akinyamaza tu palepale, ni akishavuta pumzi na kujilaza. Mwanzoni nilikuwa nainuka nakaa, nainuka nakaa, mpaka goti likaniambia tafuta kazi nyingine. Baadaye tukahamia kule bondeni kando ya mto, penye maegesho, mahali asipopazoea, tukawa tunakaa na chupa ya chai kama watu wazima.

Pazia la upande wa njia lifunge, asichokiona hakitangazi. Mfunge upande wa nyuma, kamba fupi, penye kivuli. Mkifika mahali papya zunguka naye uwanja mzima kwanza anuse, kabla hujashusha hata kiti. Na usimwache peke yake humo ndani, hata akiwa amekuwa malaika, hata unapokwenda kuoga. Mwenye mbwa ni mtu pekee kambini ambaye hamsikii mbwa wake akilia. Kulijua hilo kulinigharimu heshima yangu.

Hajapona kabisa, nisikudanganye. Mtu aliyebeba ngazi bado anamshinda. Sijui ngazi ilimkosea nini huyu mbwa. Lakini tangu nianze barua hii wamepita watoto, amepita yule bwana wa viatu vya magurudumu, amepita mama yako na mifuko yake. Kwa mama yako ndiyo kagunaguna kidogo. Nikamwambia nimemwona, akalala.

Unapokaa na mbwa mchana kutwa unapata nafasi ya kufikiri, na hapo ndipo nilipokufikiria wewe na ile kazi yako ya zamani ya ofisini.

Unakumbuka siku uliyorudi ukasema umemjibu bosi wako mbele ya watu? Hukuwa umevua hata koti. Ulisimama mlangoni pa jikoni ukatueleza alivyosema yeye na ulivyosema wewe. Mimi nikaruka. "Umempa! Huyo ndiye binti yangu!" Nikampigia simu baba yako mdogo kule Moshi nikamsimulia. Wiki ile nyingine ukamjibu tena, ukaniletea, nikashangilia tena. Sisemi yule bwana alikuwa na haki. Alikuwa hovyo, na siku nikikutana naye kwenye foleni ya samaki, basi tu. Nasema kwamba nilipokuwa nashangilia wewe ulikuwa umesimama unanitazama, na macho yale nayakumbuka. Nilidhani unangoja sifa. Ulikuwa unangoja mtu akuulize kama umeumia.

Ulipoacha kazi ukajifungia chumbani siku zote zile, mimi nikawa namwambia mama yako, mbona alikuwa anashinda? Mama yako alikuwa anakuletea uji mlangoni. Mimi nilikuwa napita kwenye korido natembea kwa vidole, naogopa kugonga.

Pole, mwanangu. Imechelewa, lakini ipokee. Pole sana.

Huko uendako watu watakuudhi. Utaambiwa choo kichafu na aliyekichafua, utaamshwa na mlevi aliyepoteza hema lake. Ukinipigia simu kunieleza, sitakuuliza nani alimweza mwenzake. Na nikijisahau nikianza kushangilia, kata simu, nitaelewa.

Sasa turudi kwa Popi, maana nakuona pazia lako linacheza, utashuka muda si mrefu.

Jana nilidhani unamwacha kwa sababu ya kazi. Nikawa nimejiandaa kukuthibitishia kwamba amebadilika, nikuonyeshe na mfano hapa barabarani, mambo yaishe. Leo mchana nikamwambia mama yako hivyo, yuko jikoni anakanda unga. Hakugeuka. Akasema, "Mtoto anajua mbwa amebadilika. Amewaona nyie wawili humo ndani ya gari kupitia dirishani, si mara moja. Anamwacha kwa ajili yako. Anasema baba atashinda peke yake mchana, atakuwa anaongea na nani?"

Nikatoka nje. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Unaondoka nyumbani kwa mara ya kwanza, unakwenda mahali usipomjua hata mtu mmoja, ndani ya gari ambalo breki zake zinalia, na rafiki yako mmoja uliye naye unataka kuniachia mimi. Nilizunguka soko zima sikununua kitu.

Kweli nitakuwa peke yangu mchana. Sitakuficha. Nyumba hii mama yako akienda zamu inakuwa kubwa, nasikia hadi friji. Popi angenifaa sana. Na kweli pia kwamba ukiondoka naye anaweza kumwona mtu na ngazi siku ya pili tu mkafukuzwa wote wawili, na kazi uliyoitafuta ikaishia hapo. Sina dawa ya hilo. Ikiwa hivyo mrudi, chumba chenu kipo, na sitasema neno la nani alikosea. Lakini usiku wa kwanza huko, upepo unatikisa gari na hujui ile sauti ya nje ni ya nini, nataka awepo mmoja wa kukuletea habari, na wewe uwepo wa kuzipokea.

Na kuna sababu nyingine, ambayo ndiyo hasa. Ukimwacha hapa, nitashukuru, siku za kwanza. Halafu nitaanza kumtumia. Najijua. Nitakupigia simu niseme Popi hali chakula, Popi anakaa mlangoni siku nzima, Popi amekonda, hebu njoo umwone. Na wewe kwa huruma zako utakuja. Utaomba ruhusa Ijumaa, utaendesha kutoka Wales mpaka hapa kwetu Walthamstow na mvua hiyo, ufike umechoka, umkute mbwa mnene amelala kwenye kochi na baba yako amekaa pembeni yake ameshapiga pasi shati. Utafanya hivyo mara ya kwanza, na ya pili, na yule mama mwenye kambi atatafuta mtu mwingine. Hutanilaumu hata kidogo, na nitakuwa nimekurudisha chumbani kwa mara ya pili.

Kwa hiyo kesho asubuhi ukianza safari utamkuta humu, na blanketi lake na bakuli lake, firigisi ziko kwenye friji ndogo, nimezikatakata. Usimtoe.

Siku nikitaka kukuona sitapitia kwa mbwa. Nitasema kwa mdomo wangu mwenyewe: Haika, nimekukumbuka. Ukiweza uje, usipoweza basi, nitakuwa nimesema. Sijazoea, kwa hiyo naanza leo. Uko hapo juu, nakuona kivuli chako kwenye pazia unakunja nguo, na nimeshakukumbuka.

Baba yako